Friji Inatekenya

Tulicheka, siwafichi. Tulicheka mwaka mzima.
Friji ya Bi Mwantumu, Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
ukiishika mpini kwa mkono wenye maji
inakutekenya hadi kwenye kiwiko.
Watoto waliofuata barafu za ukwaju
walipanga foleni watekenywe.
Ina jini, wakasema, lakini jini la watu, halidhuru.
Mwenyewe akaufunga mpini kwa kipande cha kanga kuukuu,
jina lake limebaki neno moja tu:
USINIGUSE.

Yakawa maisha.

Soketi moja, adapta juu ya adapta,
friji, pasi, redio, chaja za wapangaji sita,
wajukuu wote mgongoni mwa bibi mmoja.
Fyuzi ikachoka, ikakatika. Ijumaa ikakatika tena.
Mpangaji wa chumba cha uani, kijana mjuaji,
akachuna waya mnene wa shaba, akaufunga pale pa fyuzi,
akapangusa mikono: "Hii haikatiki tena."
Haikukatika.
Kitu kilichoumbwa kife kwa niaba yako
kikikataa kufa,
anza kuhesabu waliomo ndani.

Darini, juu ya panya, waya ukawa unapika ngozi yake.
Harufu tuliisikia. Tukasema jirani anachoma mifuko.

Masika ikaja, na ile mvua ya Tanga isiyobisha hodi.
Bi Mwantumu akatoka pekupeku kuanua nguo
kwenye kamba ya waya iliyopigiliwa kwenye bati.
Nilimwona ananyoosha mkono, kisha hakuushusha.
Hakupiga kelele. Watu hudhani umeme unarusha;
siku nyingine unashika,
kama mdai aliyekuvizia njia panda.

Shekue, mjukuu, miaka tisa, akakimbia amkumbatie.
Nilimdaka kola, shati likachanika,
akaning'ata mkono, sikumwachia,
nikamburura hadi kwenye swichi kuu,
nikaishusha.
Ndipo bibi akaporomoka kwenye maji
pamoja na shuka aliyoifuata.

Alipona. Nalisema mapema, msije mkaacha kusoma.

Fundi Mhina alikuja na tesita sikioni kama kalamu ya karani.
Akachimbua pembeni mwa msingi: waya wa kijani unaning'inia,
haukushika kitu. Nondo ya shaba iling'olewa zamani,
ikauzwa kwa kilo, na nani, Mungu ajua.
"Umeme hauna kisasi na mtu," akasema,
"unatafuta ardhi tu, kama sisi sote.
Usipouchimbia njia, utakufanya wewe njia."
Kisha akaenda kwenye boksi la fyuzi, akarudi
na ule waya mnene kiganjani.
"Nani fundi wa hii?"

Chumba cha uani ni changu.

Tangu siku ile mimi ni kero.
Muheza nilimnyang'anya mtu upembo wa chuma
chini ya mshokishoki, pale nyaya zitokazo Hale
zinapopita juu ya matawi. Alinitukana hadi babu zangu.
Nikamnunulia mashokishoki sokoni, fungu zima.
Juzi, Duga, upepo uliangusha waya njia ya shule.
Nilisimama mbali nao, mikono nimeitanua kama mwendawazimu,
nikizuia mbuzi, baiskeli na wenye haraka,
saa mbili na nusu, mpaka gari la umeme likafika.
"Hautoi cheche huo," mmoja alinikejeli, "umekufa."
Nikamwambia, hata wa kwetu haukutoa.

Jioni napita kwa Bi Mwantumu.
Friji ni ileile, haitekenyi;
watoto wananung'unika kuwa jini limehama.
Hajawahi kuniuliza juu ya ule waya.
Hunihesabia barafu kwa mkono wa kulia, polepole,
kisha husita, hunitazama:
"Zimeganda vizuri? Kiganja hiki hakisikii tena."
Nami hujibu, zina baridi, Bi.
Zina baridi sana.